Dada Yangu wa Mbao

Mimi ni binti wa kwanza wa baba yangu, lakini nina jina la binti wa pili. Kwetu Butembo jambo hilo si dogo. Sisi Wanande hatukai kufikiria mtoto aitwe nani. Jina linamngoja kwa kufuata zamu yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, na kadhalika mpaka mama achoke. Ukimtajia mtu wa hapa jina lako, ameshajua una wakubwa wangapi. Ndiyo maana tangu utoto kila ninayemwambia jina langu huniuliza swali lile lile: "Na mukubwa wako iko wapi?"

Mkubwa wangu yuko Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward. Ni mtumbwi wa mbao.

Baba alimnunua kabla sijazaliwa, wakati akiwa kijana anayepandisha samaki wa chumvi kutoka ziwani hadi soko la Butembo. Alikuwa amechoka kuwabembeleza wenye mitumbwi, akataka wake. Alipoupata aliandika kwenye ubao wa mbele, kwa rangi nyekundu, jina la binti wa kwanza, kwa sababu, alisema, hakuwa na kitu kingine duniani alichokipata kabla yake. Kisha nikaja mimi. Watu wote walikuwa wameshaanza kuniita kwa jina langu halali, baba akawanyamazisha: jina lile lina mwenyewe.

Mama alikasirika. "Mi sikuzalaka mbao," alisema, na aliendelea kusema hivyo mpaka tulipomzika. Lakini aliyekwenda parokiani kuniandikisha ubatizo alikuwa baba. Padri alimuuliza mkubwa yuko wapi, naye akajibu, "Iko ku ziwa." Padri akadhani yuko kwa bibi yake.

Shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Mwalimu akiniuliza habari za dada, nami nikainamisha kichwa kwa aibu, alidhani amekufa, akaniambia pole kwa sauti ya chini. Nimepewa pole nyingi sana kwa ajili ya kitu kilichokuwa kinaelea salama na kula rangi mpya kila Noeli. Na rangi ile ilinunuliwa kwanza, kabla ya viatu vyetu. Nilikuwa ninalitazama lile kopo limewekwa juu ya kabati, mahali ambapo hata sukari haikuwekwa, na roho inaniuma.

Butembo ni mji wa baridi na mvua. Mvua ikianza kupiga mabati, baba wa wenzangu walikuwa wanauliza kama watoto wote wameingia ndani. Wangu alikuwa anasimama mlangoni akitazama upande wa ziwa, ambalo halionekani kabisa kutoka kwetu, na kusema, "Ule atajaa maji." Nami nilikuwa nimesimama nyuma yake, nguo zimelowa chepechepe, nangoja ageuke. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Kwetu maji yalikuwa yanashinda.

Siku ya kupokea mahari yangu nilijiambia: leo, atake asitake, habari ni yangu. Wakwe walifika na mbuzi wao, tukawapa viti, bia zikafunguliwa. Mdogo wa baba, ambaye alipenda utani kuliko chakula, akasimama na uso wa hakimu. "Mukubwa hayaolewa bado," alisema. "Sasa mudogo ataenda aje?" Watu walicheka. Baba hakucheka. Alisema ni kweli, mkubwa akirukwa ni lazima atulizwe, na kwamba yeye hatapokea hata kamba ya mbuzi mmoja kabla ya jambo hilo kunyooshwa. Wakwe waliangaliana. Wakatoka nje kushauriana kama watu wenye akili, kisha wakamtuma mtu na pikipiki. Akarudi na bidoni, dumu lililojaa godron, ile lami ya kuzibia mitumbwi. Baba akaipokea kwa mikono miwili. Mpaka leo mume wangu akitaka kunichokoza husema kwamba alioa wawili siku moja. Mimi sicheki.

Baada ya mazishi ya mama, magoti ya baba yalikataa ule mteremko wa kwenda ziwani. Aliita ukoo nyumbani kwake Vulamba, hapa hapa Butembo, akatangaza mbele ya wadogo zangu wote kwamba mtumbwi sasa uko mikononi mwangu. Nilidhani napewa urithi. Kumbe napewa mtu wa kulea.

Ninauza vifaa vya ujenzi, na mbao ninazifuata mwenyewe Beni, barabara ikiwa nzuri na watu wakiwa wanapita. Kule chini kuna joto, na mbao za libuyu, ule mti mwekundu wa msituni, zinateremshwa kutoka kwenye malori zikiwa mpya kabisa, bado zinanuka. Kabla ya mtumbwi nilikuwa ninachagua mbao za wateja. Baada ya mtumbwi, ubao ulionyooka kuliko yote, usio na fundo wala ule weupe wa pembeni unaooza haraka, nilikuwa ninaugonga, ninausikiliza, kisha ninasema, huu ni wa yule mwanamke. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Maana mtumbwi wa zamani hauishi kudai. Kila kiangazi anavutwa nchi kavu, anawekwa juu ya magogo, anaachwa akauke. Fundi anachokonoa pamba ya zamani kutoka kati ya mbao, anapigilia mpya kwa patasi butu, anachemsha godron na kuipaka ingali moto. Ukimaliza huku, kule kumefunguka. Mwaka mmoja kiboko alimpiga ubavu na mbao tatu zikaenda. Mwaka uliofuata misumari ilikuwa imekula miti iliyoishikilia. Na kila niliporudi Butembo, kabla sijanywa hata maji, baba aliniuliza, "Iko aje?" Hakuwa anauliza habari za barabara. Wala habari zangu.

Watu wa ziwani walinisifu kwamba ninampenda dada yangu. Nilikuwa ninamtunza kwa wivu. Sikutaka siku moja mtu aseme kwamba yule wa pili alimwacha wa kwanza aoze. Mwenye wivu hana likizo. Inabidi afanye kazi yake vizuri kuliko mwenye upendo, kwa sababu mwenye upendo husamehewa.

Kiangazi kilichopita fundi alinipigia simu kwamba sehemu ya mbele imeanza kunywa maji, nije nione. Nilishuka. Mtumbwi ulikuwa juu ya magogo yake, na akina mama wanaokausha samaki kwa moshi walikuwa wamekaa karibu, maana mbao za mtumbwi wa zamani huwaka vizuri nao wana pua ya kujua nani anakaribia kufa. Fundi aliuzunguka akipiga kila ubao kwa mpini wa nyundo.

"Mama, hii ni yako. Hii ni yako. Hizi za chini, ni zile za mwaka wa kiboko, na zenyewe ni zako." Alipofika mbele alisimama. "Ya muzee imebakia hii moja tu. Na yenyewe imeshaoza."

Ulikuwa ubao wenye jina.

Nilimwomba azunguke tena, nami nikizunguka nyuma yake. Ni kweli. Mgongo ulibadilishwa na mimi. Mbavu ni zangu. Viti vya wavuvi ni vyangu. Kile alichonunua baba katika ujana wake kilikuwa kimekwisha taratibu, kipande kwa kipande, bila matanga, na mwanamke aliyelala pale juu ya magogo alikuwa amezaliwa Beni, kwenye malori, kwa kuchaguliwa na mimi. Furaha iliyonipanda haikuwa ya Kikristo. Nilikuwa na umri wa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilisimama kwenye mchanga nikihesabu upya nani alimtangulia nani.

Fundi aling'oa ubao ule, akapigilia mpya niliokuja nao. Aliponiuliza aandike jina gani, nilimwambia, "Hapana kuandika kitu kwanza." Ule wa zamani nilimpa mama mmoja wa moshi. Alinishukuru sana.

Njia yote ya kurudi nilikuwa ninapanga maneno. Ningemwambia baba: papa, yule uliyemnunua hayupo tena. Huyu aliyeko ni kazi ya mikono yangu, ni mtoto wangu ukipenda, kwa hiyo mkubwa ni mimi, na ningependa kuitwa jina langu walau mara moja kabla hatujazikana. Niliyarudia mpaka yakawa laini. Dereva alidhani ninasali rozari.

Nilimkuta ameketi uani kwenye jua la asubuhi, blanketi magotini. Katika miezi ile alikuwa ameanza kupotea kidogo kidogo: jana alimwita jirani kwa jina la mtu aliyekufa, leo anauliza kwa nini mama hajatoka sokoni. Nilipofungua lango aliinua uso, akatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona ikielekezwa kwangu, akaniita. Aliniita kwa jina la binti wa kwanza.

Sikuwa nimesema hata neno moja kati ya yale niliyopanga, na nilikuwa nimeshapewa. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake kama nilivyokuwa ninafanya nikiwa mdogo, naye akaniwekea kiganja begani.

"Bamekushusha mu maji?" aliuliza.

Nikalivuta blanketi lake lifunike magoti.

"Wakati nilikuacha ulikuwa unaingiza maji sana huku mbele. Bameziba muzuri?"

"Papa," nikasema, "ni mimi." Nikamtajia jina langu, lile la pili.

Alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Ule hapana hapa. Ule iko Beni. Ameenda kukutafutia mbao."

Ningeweza kubishana. Nina ulimi, na wivu wa maisha mazima ulikuwa umenijaa mpaka kooni: hata hapa, nimepiga magoti mbele yake, mkono wake uko juu yangu na hauko juu yangu. Lakini alikuwa ameinama karibu na sikio langu na kushusha sauti, na mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kuambiwa siri na baba. Nikanyamaza ili nisikie anachomwambia yeye.

"Mudogo wako iko na wivu juu yako," alisema. "Tangu utoto wake. Mi naonaka, hapana kusema tu. Lakini pale mi nitakwenda, utabakia na yeye. Ule hawezi kukuacha uzame. Njo maana nilikupatia yeye, sikukupatia bale bengine. Sasa na wewe umuvumilie."

Alikuwa anangoja jibu. Alinitazama usoni kwa macho yake yenye ukungu, kwa upendo ule ambao niliufahamu vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimeutazama kutoka pembeni tangu nilipojua kutazama.

"Nitamuvumilia, papa," nikasema.