Koti Lililofumuliwa Mara Mbili

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaishi chumba kinachotazamana na chetu, na cherehani yake ndiyo inayotuamsha sote. Ukimuulizia kwa jina lake watu watakuuliza yupi. Sema Fumua, watakupeleka mpaka mlangoni.

Jina hilo alipewa na muuza mitumba. Wanunuzi wengine wanapogombania nguo za juu ya rundo, wifi husubiri watu wapungue, kisha huchutama na kuchambua zilizobaki chini: shati lililoungua kwa pasi, pazia lililopauka upande wa dirishani, kitambaa cha meza chenye doa la chai. Doa analiona, ila analizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi. Lile shati lililoungua lilikuja kuwa gauni la mtoto, na palipoungua akaweka mfuko wenye umbo la jani. Pazia likawa mikoba, na hakuna mkoba uliofanana na mwenzake. Mteja akisema, "Nataka kama ule wa jirani," wifi humjibu, "Basi kaazime ule wa jirani."

Mafundi wengine wakipewa nguo kuukuu huanza na mkasi. Yeye huanza na nusu ya wembe. Anaketi kwenye kigoda, anaibana nguo katikati ya magoti na kufungua mshono mmoja mmoja polepole, na uzi unaotoka mzima anauzungushia kwenye kipande cha kadibodi. Mwisho nguo inarudi kuwa vipande, kama kabla haijashonwa. Hiyo ni kazi ya asubuhi nzima, na fundi suruali wa ng'ambo ya barabara hawezi kupita bila kumchokoza.

"Fumua, mpaka umalize hiyo, mtoto aliyeagiza atakuwa ameshaoa."

"Nitamshonea ya harusi," wifi anajibu bila kuinua uso.

Hata mimi nilikuwa namtania. Mawifi wasipotaniana, nyumba inapooza.

Msimu wa baridi uliopita kifua cha binti yangu mkubwa kilianza tena. Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Hata kukohoa anakohoa huku anaongea. Siku hizo hizo, nesi anayekaa nyumba yenye geti la bluu alikuwa anajiandaa kwenda masomoni kwa mwezi mmoja. Alisafisha nyumba yake, akamletea wifi furushi la vitu asivyovihitaji, limefungwa ndani ya shuka. Kulikuwa na foronya, blauzi, blanketi la kijivu lililotoboka katikati, na koti la kiume la sufu, rangi ya kahawa, zito kama mtoto aliyelala.

Wifi akaliinua koti kwenye mwanga. "Hili la Chiriku."

"Wifi, humo wanaingia Chiriku watano. Labda ukate."

"Nikikata, mwakani namvisha nini? Kwani haoti huyu?"

Hakukata. Alilifumua koti lote, akatoa bitana yake ya ndani, akaikunja na kuiweka kikapuni. Kisha akalishona upya kwa kipimo cha Chiriku, na kila kilichozidi akakipeleka kwa ndani: pindo, mabega, mikono. Mgongoni akapanga mikunjo mipana iliyofunguka kama feni mtoto akikimbia. Bitana mpya aliishona kwa foronya ya maua, na humo ndani, upande wa moyo, akaweka kifuko kidogo cha siri. Mikono ilikuwa minene kama mito ya kulalia. Mume wangu alipomwona binti yake alicheka mpaka akakaa chini.

"Mmemshonea mtoto godoro."

Lakini Chiriku akawa anafika shule bila kukohoa njia nzima, na jioni ilikuwa vita kumvua.

Jumamosi moja nilikuwa naanua nguo, mdogo wake amelala mgongoni kwangu, nesi akaingia uani. Kandambili zake hazikufanana, ya kushoto nyekundu, ya kulia nyeusi.

"Dada," alimwambia wifi, "lile furushi nililokupa. Kulikuwa na koti la kahawa?"

Wifi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Lilikuwepo."

"Ni la marehemu baba. Nililitoa kabatini nilipige jua, dada wa kazi akalifunga pamoja na vya kutoa. Nimerudi jana, leo ndiyo nafungua kabati. Niambie hujalikata."

Kabla wifi hajajibu, Chiriku aliingia mbio kutoka barabarani, mikunjo ya mgongoni imefunguka yote. Nesi alilitambua. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mimi nikajikuta nakunja shuka ambalo nilikuwa nimeshalikunja. Nilijua mtaa wetu. Kabla ya magharibi ingesemwa kwamba Fumua amecharanga nguo ya marehemu, na nani angemletea tena furushi?

"Sijalikata," wifi alisema.

"Usinifariji, dada. Naliona."

"Unaliona kwa nje. Njoo ulishike." Akamvuta Chiriku, akachukua vidole vya nesi na kuviweka kwenye unene wa mkono wa koti. "Huu wote ni mkono wa baba yako. Upo humu humu."

Nesi akabonyeza, akasogea kidogo, akabonyeza tena, kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa.

"Na bitana yake?"

"Kikapuni."

"Vifungo?"

"Vitatu viko kifuani kwa huyu, viwili kwenye kopo."

Wifi akaahidi kulirudisha kama lilivyokuwa. Akabaki Chiriku, na hapo ndipo pagumu. Nilichutama nikamweleza kwamba koti lina mwenyewe, na baba wa mwenyewe hayupo tena. Alilishika koti kifuani kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia nesi.

"Baba yako anasikia baridi?"

"Hapana, mama. Baridi naisikia mimi."

Chiriku akaanza kufungua vifungo mwenyewe, kuanzia cha chini. Kwenye kifuko cha siri alitoa kipande cha penseli na punje za maharage. "Mimi nina shangazi," alisema. "Atanishonea."

Wifi akakaa kwenye kigoda na nusu ya wembe wake, akalifumua koti lile mara ya pili. Mimi nilipewa pasi na kitambaa kibichi, ninyooshe alama za mikunjo. Fundi suruali alivuka barabara kuja kuchungulia. Safari hii hakuchokoza; alishika upande mmoja wa koti tulivute linyooke.

"Ingekuwa wewe," wifi alimwambia, "saa hizi unatafuta pa kujificha."

"Ningehama," fundi suruali alikiri.

Nesi alipokuja kulichukua, koti lilikuwa limetundikwa mlangoni, mabega mapana, bitana yake ya zamani ndani, vifungo vitano. Ukiinama sana utaona mistari michache iliyogoma kwa pasi. Alinusa kola. Akalivaa, mikono ikamfunika vidole vyote, akasimama hivyo katikati ya ua kama mtoto aliyevaa nguo za wakubwa. Nilidhani atalivua alipeleke kabatini. Badala yake alimnyooshea wifi mikono yote miwili.

"Nikunjie. Kwa ndani, kama ulivyomkunjia yule. Usikate."

"Lini nimewahi kukata mimi?" wifi akasema, huku anatafuta pini.

Koti la Chiriku lilitoka kwenye lile blanketi la kijivu. Palipotoboka ndipo kichwa kilipopita, kilichozidi kikakunjwa tena ndani ya mikono, na ile bitana ya maua ikarudi ndani, kifuko chake upande ule ule. Asubuhi za baridi sasa nesi hupita kwetu akienda kazini, na Chiriku humsubiri getini wafuatane mpaka njia panda. Wanatembea mikono imewasimama kidogo pembeni kwa unene.

Mume wangu huwachungulia dirishani na kikombe chake cha chai. "Mito minne hiyo," anasema, "inapita."