Punda Mwenye Kidonda Habebi

Watu wa kutetea wanyama walipofika kwetu Mwala mara ya kwanza, tuliwacheka. Kina mama wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Daktari wa mifugo alisimama kwenye uwanja wa kanisa, jua kali, akatuambia punda naye anasikia uchungu na anahitaji kupumzika. Mzee mmoja akamuuliza, "Zahanati yetu haina dawa ya watu, wewe umeleta ya punda?" Na alikuwa na haki ya kuuliza, maana zahanati yenyewe ilikuwa kuta na benchi.

Siku hizo punda alikuwa chombo tu, kama jembe. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwapasua punda wake pua kwa kisu, kama wazee wengine walivyofanya, akiamini watavuta hewa vizuri wakipanda mlima. Hakuwa mtu katili. Akishamaliza alikuwa akimpapasa mnyama shingoni na kumpa pole, kwa sababu alijua anamsaidia. Daktari alipoeleza kwamba pua iliyopasuliwa inaingiza vumbi na kuzaa funza, wazee walitazamana. Baba alirudi nyumbani akakaa na punda wake jioni yote, na kisu kile hakukishika tena.

Mama hakucheka hata kidogo. Ukitaka kumwelewa mama yangu, tazama paji la uso wake. Lina mfuo, umepita kutoka upande huu mpaka ule, hata nywele hapo juu ziligoma kuota. Huo uliachwa na mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wa kwetu huupitisha kwenye paji la uso, mtungi wa maji ukining'inia mgongoni. Mama alibeba maji hivyo tangu akiwa msichana, mpaka baba alipoleta punda nyumbani. "Punda ndiye alinivua mukwa," alikuwa akisema, na ole wako umtusi punda mbele yake.

Kwa hiyo kikundi cha wenye punda kilipoanzishwa, mwenyekiti alikuwa nani kama si yeye? Alitufundisha sote kuweka tandiko la gunia mgongoni kabla ya mzigo, na kupitisha vidole viwili chini ya kamba kuhakikisha haibani. Kanuni kubwa ya kikundi aliitunga mwenyewe: punda mwenye kidonda habebi kitu mpaka ngozi ifunge. Na alikuwa mkali! Watu wazima na ndevu zao walikuwa wakikatiza shambani wasikutane naye.

Kiangazi kilichopita, kaka yangu alikuja likizo kutoka Athi River, anakofanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Yeye ndiye kifungua mimba wetu, na alikuwa anajenga nyumba pale boma. Mama alikuwa ameenda mazishini Katangi. Kaka akamchukua punda wa mama, akambebesha mchanga mbichi wa mtoni siku nzima, bila tandiko, kamba ya nailoni juu ya ngozi tupu. Mama aliporudi alikuta mgongo wa yule mnyama umechubuka mpaka nyama nyekundu.

"Ni punda tu, mama," kaka akamwambia. "Asipopona kuna madalali wanazunguka, wanataka punda wa kuchinja. Tuuze, ninunue tangi la maji."

Mama aliosha kile kidonda kwa maji ya chumvi, akamfunga punda kivulini, akamwekea majani. Asubuhi iliyofuata aliuchukua mukwa uliokuwa ukining'inia kwenye msumari miaka yote hiyo, akateremka bwawani kuteka maji.

Mimi ninafanya kazi Machakos mjini, na usiku ule mama alikuwa amenisimulia kwa simu habari ya punda na ya dalali. Asubuhi hiyo ya Jumamosi nilikuwa ninakuja kuwatembelea, nikamkuta mwanamke mzee ameinama katikati ya mteremko, mtungi mgongoni, mishipa ya shingo imesimama. Woi! Kumbe ni mama yangu, aliyepita sabini.

"Mwaitu! Mama, umerogwa?" Nilipiga kelele, sina haya. "Si upande boda?"

"Boda itapita wapi kwenye mawe haya?"

"Basi azima punda wa jirani!"

Akasimama, akanitazama chini ya mkanda. "Mwenyekiti aumize wake, kisha aazime wa watu? Kesho kila mtu atafanya hivyo hivyo. Nipishe, mtungi ni mzito."

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na mtu huyo nilimjua. Niliubeba ule mtungi mikononi mpaka nyumbani, maji yakinimwagikia, nikimtukana kaka yangu njia nzima. Nilimkuta amekaa kwenye matofali yake anakunywa chai. Nilimwambia yote. Nilimwambia amtazame mama usoni, amtazame vizuri, kisha amwite huyo dalali wake.

Kaka alimtazama. Ule mfuo ulikuwa umekuwa mwekundu, na damu kidogo ilikuwa imetoka pembeni, karibu na nywele. Aliweka kikombe chini. Kisha akanyoosha mkono na kusema, "Mama, nipe huo mkanda."

Kwetu mwanamume havai mukwa, jamani. Bwawani siku ya Jumamosi pamejaa wanawake, na midomo yao naijua. Nilidhani mama atakataa, amwepushe na aibu. Hakukataa. Alimwambia ainame, naye lile jitu lote la kiwandani likapiga magoti kwenye vumbi.

Mama alikunja kipande cha gunia, akakiweka kwenye paji la uso la mwanawe, akavuta mkanda juu yake. Akapitisha vidole viwili chini, polepole, kama tulivyofunzwa. Punda alikuwa pale kivulini akitafuna.

"Ikikuuma, sema," mama akamwambia. "Yeye hakuwa na namna ya kusema."