Sponji Niliyoiosha

Samaki walipoletwa, mimi na wifi yangu tulikuwa tumeshachukiana kwa muda wa miezi minne. Sababu niliijua. Alikuwa na mtoto wa kike aliyemzaa kwao Lugari kabla kaka yangu hajamwoa, na sisi, yaani mama, shangazi zetu na mimi, tulisema mtoto huyo asikanyage kwa kaka. Kaka alikubali. Wifi naye akamwacha mtoto kwa wazazi wake, maana hakuwa na la kufanya. Tangu hapo kila aliponitazama aliona mmojawapo wa midomo iliyosema hapana, na hakujisumbua kulificha hilo.

Ilikuwa miaka ile ya sukari. Watu walipanda miwa mpaka kwenye nyua za nyumba zao. Kaka hakuwa na shamba la maana, ila alikuwa na matrekta ya kubebea miwa kutoka mashambani hadi kiwandani, na matrekta hayo yalimpa nyumba ya mawe mtaani Shieywe, makochi yenye vitambaa vya kufumwa, na marafiki ambao zamani wasingemjibu salamu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha kilimo cha Bukura, nikawa nakaa kwake nikingoja barua ya kazi.

Mmoja wa marafiki hao alikuwa mhandisi wa kiwandani, mzungu wa makamo aliyeishi peke yake. Mkataba wake ulipokwisha alimwachia kaka tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, na ndani yake samaki sita aliowaita diskasi. Walikuwa bapa na mviringo kama visahani vya chai, wenye milia ya buluu na macho mekundu, na waliogelea polepole kama watu wasiokuwa na shughuli yoyote. Kaka hakuwa na subira ya kufundishwa kuwatunza. Alinituma mimi, nikaenda kwa mhandisi kila asubuhi kwa wiki mbili.

Alinifundisha kwa ukali, kama mtu anayekabidhi mtoto kwa asiyemwamini. Samaki hawa wanataka maji laini, kwa hiyo ni maji ya mvua tu. Wanataka joto. Chujio lao lilikuwa sponji mbili nene zilizounganishwa na pampu ndogo ya hewa. Maji yalivutwa kupitia kwenye sponji na kuacha uchafu humo. Uchafu ule, alisema, nisiuchukie. Ndani yake mnaishi viumbe wadogo wasioonekana, ambao kazi yao ni kula sumu inayotoka kwenye kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Sponji ikiziba niikamue kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini humo humo, kisha niirudishe ikiwa bado ya kahawia. Nikiiosha kwa maji ya mfereji yenye dawa, au kwa sabuni, nitawaua viumbe wale wote, na siku tatu baadaye samaki watakufa kwa sumu yao wenyewe. Aliniambia hayo mara tatu. Mara ya tatu alinitaka nimrudishie maneno yake, nikayarudia kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Chakula chao kilikuwa moyo wa ng'ombe. Unaondoa mafuta yote na mishipa yote, unasaga, unawapa kidogo mara tatu kwa siku, kiasi wanachokimaliza upesi. Kinachobaki chini unakivuta kwa mpira wa maji kabla hakijaoza.

Huo moyo ndio uliowasha moto. Aliyekwenda sokoni ni wifi, na mashine ya kusagia nyama ilikuwa yake. Siku ya kwanza nilipomwomba asage, aliusukuma ule moyo mpaka ukingoni mwa meza.

"Mulamwa," aliniambia, ndivyo tulivyoitana mawifi, "mimi napikianga watu. Sipikiangi samaki."

Nikasaga mwenyewe. Nikairudisha mashine bila kuiosha, nikijua kabisa kwamba atakayeiosha ni yeye. Kesho yake nilikuta ameifungia kabatini, nikaukata moyo kwa kisu, vipande vidogo kama punje za mtama, mpaka vidole vikafa ganzi. Watu wa nyumba ile walikula obusuma, ugali wetu, na mboga siku tano kwa wiki, samaki walikula nyama kila siku, na wifi hakukosa kulitaja jambo hilo mezani, akinitazama mimi badala ya kaka.

Wageni walipokuja mambo yalibadilika. Wake za wenye matrekta wenzake kaka, na akina mama wa kanisani, walitaka kuona samaki wakila, na hapo wifi alikuwa mwenye tangi. Alitupa konzi nzima ya nyama, na siku moja alitupa hata matonge ya obusuma, wageni wakicheka na kupiga makofi. Samaki waliporidhika, kilichobaki kilishuka kwenye mchanga. Nilimwambia mara mbili, faraghani, kwamba anayachafua maji. Alinijibu kwamba hakujua samaki wana wakili.

Mara ya tatu maji yaligeuka kama ya mchele ulioroweshwa. Kaka aliingia wageni wakiwa bado wamekaa, akaniuliza kuna nini, nami nikamweleza pale pale, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. Akamgeukia mkewe.

"Ya samaki ni ya huyu," alisema, akininyooshea kidole. "Huyu alisoma. Wewe usiguse."

Wifi alikusanya vikombe vya chai, hata vile ambavyo havijanywewa, akatoka navyo. Nilifurahi. Siwezi kuandika kwamba niliona haya, kwa sababu sikuona.

Baada ya hapo vita vikawa wazi. Miwa ilipochomwa upande wa Lurambi kabla ya kukatwa, majivu meusi yalipeperuka mpaka mjini yakatua kwenye mabati. Mvua ya kwanza baada ya moto ilishuka na majivu hayo, kwa hiyo ilibidi niiache ipite ndipo nikinge. Nilikuta amenikingia hiyo ya kwanza, drumu limejaa pomoni, maji meusi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema maji ni maji. Nikalipindua drumu lote uani, alikokuwa ameanika mahindi kwenye mkeka. Alisimama mlangoni akaangalia mahindi yakielea kuelekea kwenye ua wa jirani, na mimi sikuinama kuokota hata punje moja.

Kisha samaki wawili wakataga. Mhandisi alikuwa ameweka chungu ndani ya tangi, na siku moja nikaona wameking'ang'ania na kuwafukuza wengine. Nikatenga upande wao kwa kipande cha kioo. Mayai ya kwanza waliyala wenyewe. Ya pili yaliangulika, na vifaranga, wadogo kuliko ncha ya sindano, wakaondoka kwenye chungu wakaenda kujibandika ubavuni mwa mama yao. Diskasi hawanyonyeshi, lakini ngozi yao hutoa ute, na huo ute ndio watoto wanaokula. Mama akichoka anajipukutisha, nao wanahamia kwa baba. Baadaye baba anawarudisha.

Wifi, aliyeambiwa asiguse, alianza kuja kutazama. Alileta kiti cha jikoni akakaa mbele ya kioo akiwa na sahani ya mchele wa kuchambua, na mchele ukakaa tu mapajani. Siku ya pili alikuja tena. Siku ya tatu aliniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mama yao hasikii uchungu wanapomla hivyo. Lilikuwa swali la kweli, bila mwiba. Nadhani ndiyo siku pekee aliyonifungulia mlango.

"Anasikia," nilimjibu. "Lakini huyu hakuwaacha wake Lugari."

Alichukua sahani yake na kiti chake akarudi jikoni.

Wiki moja baadaye tulitarajiwa kuwakaribisha watu wa kanisani kwa maombi. Asubuhi alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akasema kuna kitu kinanuka ndani ya nyumba yake. Aliniambia nizitoe zile sponji nikazioshe kwa sabuni na maji ya moto, mpaka ziwe nyeupe, kwa sababu hataki kuaibishwa na matope ya samaki mbele ya mchungaji. Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumwambia aliyoniambia mhandisi mara tatu. Ningeweza kumkumbusha tu kwamba aliambiwa asiguse, naye angenyamaza.

"Sawa, mulamwa," nilisema.

Nilizitoa sponji zote mbili. Nilizikamua chini ya mfereji, nikazisugua kwa sabuni ya mche, nikazimwagia maji yanayochemka kutoka kwenye birika, nikazisuuza mpaka zisitoe povu hata kidogo, kwa sababu sikutaka mtu aseme samaki waliuawa na sabuni. Zilirudi tangini nyeupe kama mkate. Wifi alizitazama akaridhika. Nilichotaka ni afanye kosa kubwa ambalo kaka hangelisamehe, na sasa alikuwa amelifanya, kwa mikono yangu.

Siku mbili samaki walikula kama kawaida, nami niliwapa moyo mara tatu kwa siku, kipimo kile kile. Siku ya tatu waligeuka weusi. Walipanda juu wakawa wanavuta hewa, matamvua yakifunguka na kufungika haraka haraka. Vifaranga walianza kudondoka ubavuni mwa mama yao mmoja mmoja. Madrumu mawili ya maji safi ya mvua yalikuwa nje ya dirisha. Kubadilisha nusu ya maji kungechukua asubuhi moja, na wengi wao wangepona. Nilikaa kwenye kochi nikawatazama. Mara moja niliinuka nikafika mpaka kwenye ndoo, nikaishika kishikio, nikaiacha.

Kaka alirudi siku ya nne mchana akawakuta. Watano walikuwa wamelala ubavu, wa sita alikuwa akizunguka papo hapo. Aliniuliza nimefanya nini.

Nikasema, "Mama wa nyumba aliniagiza nizioshe sponji kwa sabuni. Nami nikatii."

Kila neno lilikuwa kweli. Alimwita mkewe, akamuuliza kama aliagiza hivyo, naye akasema ndiyo. Kaka hakuwa mtu wa kupiga. Alimwambia apange nguo zake arudi kwao Lugari mpaka atakapoitwa, akatoka akaenda kwenye matrekta yake.

Wifi alifunga sanduku chumbani, mimi nikiwa sebuleni navua samaki kwa wavu. Alipotoka alisimama karibu nami, akaangalia ndoo.

"Mimi niliagiza kwa sababu sikujua," alisema. "Wewe ndiye ulisoma."

Akaenda zake. Nilizika samaki chini ya migomba.

Kaka alimfuata baada ya miezi mitatu. Wifi alikataa kurudi ila na mtoto wake, na kaka, ambaye nyumba ilikuwa imemshinda, akakubali bila kutuuliza. Walipofika barua yangu ya kazi ilikuwa imeshatoka na mimi nilikuwa nimehamia wilaya nyingine. Nilikuja Krismasi, nikasalimiwa kwa mkono, nikapewa chai. Ikawa hivyo mwaka hadi mwaka. Wifi hakuwahi kumwambia kaka chochote, nami vilevile. Ingokho, yaani kuku, ikichinjwa, alinipakulia kipande kinachomstahili wifi, akakiweka mbele yangu bila kunitazama.

Kaka alipofariki, wote tulikuwa tumeota mvi. Siku ya pili baada ya mazishi nilimkuta wifi nyuma ya nyumba, ameinamia sufuria kubwa ya maharagwe, nikamwambia. Nilimweleza habari ya mhandisi, na sponji, na ndoo niliyoishika nikaiacha. Nikamwomba anisamehe. Aliendelea kukoroga mpaka nilipomaliza.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Miaka yote nilikuwa nangoja uyaseme mbele yake. Sasa hayupo, ndiyo unaniletea mimi."

Nikasema pole. Aliniambia hana haja nayo, na kwamba watu wana njaa. Akafunga kanga vizuri, akaishika sufuria upande mmoja na kuniashiria nishike upande wa pili, kwa sababu ilikuwa nzito na hakukuwa na mtu mwingine karibu. Tukaibeba hadi mbele ya nyumba.