Mkoba Uliomwagwa

Penseli alikuwa na kinyongo, na nasema mapema kabisa kwamba alikuwa na haki nacho. Msije mkafika katikati mkaanza kuniambia binti yule alikuwa na roho mbaya. Yangenipata mimi yaliyompata mama yake, ningefanya mabaya zaidi, tena bila kusomea.

Jina la Penseli alipewa chuoni, kwa sababu ya ile penseli aliyoichomeka kwenye nywele tangu asubuhi, akasahau, halafu akapekua meza nzima akiitafuta huku wenzake wanakufa kwa kicheko. Alikuwa anasomea kutengeneza katuni za sinema, na alikuwa mwaka wa mwisho. Mwaka huo kila mwanafunzi hutengeneza filamu yake fupi, ikaonyeshwa ukumbini mbele ya wazazi, ndugu na wageni wa chuo. Wenzake walihangaika kutafuta visa. Mmoja alikuwa na sungura anayeogopa karoti, mwingine alikuwa na jokofu lililopenda jiko. Penseli hakuhangaika hata kidogo. Kisa chake alikuwa nacho tangu utotoni, amekitunza kama watu wanavyotunza wembe.

Kisa chenyewe ni hiki. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, alihamia nyumba mpya, akaita ukoo mzima waje waione. Mwanamke huyo alikuwa anajisikia, mama yangu! Aliwapitisha wageni chumba kwa chumba, akawapapasisha mapazia, hadi bafuni akafungua bomba ili waone kwamba maji ya moto yanatoka kweli. Katikati ya shughuli akajishika shingo na kupiga ukelele. Mkufu wake haupo! Alikumbuka kuuvua jikoni, na aliyekuwa jikoni muda wote ni nani? Ni wifi yake, mama yake Penseli, ambaye tangu afike alikuwa anaosha sahani za watu waliokaa.

"Wifi, hebu tuone mkoba wako," shangazi akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. "Si kwamba nakushuku. Ni ili watu wasije wakasema."

Mama akadhani ni utani. Kabla hajamaliza kutabasamu, mkoba ulikuwa umeshachukuliwa na kumwagwa juu ya meza ya kioo. Pini za nguo. Kitana kilichong'oka meno. Vidonge vya kichwa. Soksi moja ya mtoto. Na mkate mdogo wa mviringo, umemegwa upande mmoja, uliochomoka kwenye karatasi yake, ukabingirika mpaka ukingoni mwa meza, ukasimama. Mkufu haukuwemo. Lakini nani alikuwa na habari na mkufu tena? Macho yote yalikuwa kwenye mkate. Mtu mmoja akachekea puani, wa pili akampokea, na ukoo mzima ukaangua kicheko. Baba yake Penseli, Mungu amrehemu, alikuwa pale pale. Aliinamia sahani yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani. Mama akaokota vitu vyake kimoja kimoja, akavirudisha, akafunga zipu. Mkate akauacha.

Mkate ule ulikuwa wa Penseli. Yeye ndiye aliyemvuta mama sketi na kumnong'oneza amfungie kitu cha kula njiani, maana kwao kulikuwa mbali, na mama akamfungia ule aliopewa mwenyewe. Walirudi nyumbani njaa inamuuma, na hakuthubutu kusema.

Kesho yake mkufu ukaonekana nyuma ya mto wa kochi. Shangazi akapiga simu. "Umeonekana, wifi. Basi, yaishe."

Yaishe! Umemvua mtu nguo mbele ya watu, halafu unampigia simu yaishe! Hakuna samahani, hakuna nimekosa, hakuna hata salamu. Mama alijibu "Haya," akakata, na hakulizungumzia tena jambo lile. Ila tangu siku hiyo, kukiwa na shughuli yoyote ya ukoo, mama alikwenda bila mkoba. Funguo na kitambaa cha jasho alivishika mkononi mpaka aliporudi. Wengine hawakuliona hilo. Penseli aliliona kila mara, na kila mara damu ilimchemka upya.

Basi pale chuoni kulikuwa na mwalimu wa wahusika, mwanamume mfupi aliyekuwa na kikohozi cha kujitakia: kazi isipompendeza, hukohoa. Sheria yake ilikuwa moja. Kabla hujachora filamu, kila mtu wako awe na karatasi yake ukutani: anataka nini, anaogopa nini, akiingia mlangoni anaingiaje. "Usiniletee mtu anakimbia," alizoea kusema, "kabla hujanionyesha anavyokaa kwenye kiti."

Penseli akamshughulikia shangazi. Alimpa jina la Bibi Shingo. Alimpa shingo ndefu yenye mikufu juu ya mikufu, na mkoba mkubwa ambao ndio ulitangulia kuingia mlangoni, mwenyewe akafuata. Alimpa ile tabia ya kujigonga kifua kwa vidole anapocheka, na ile midomo inayobinuka kabla ya kusema neno la sumu. Wachora katuni hufanya kazi na kioo kidogo mezani. Wanajikunja sura, wanajitazama, wanachora. Sasa ukoo mzima ulikuwa ukisema tangu zamani kwamba Penseli ni shangazi yake mtupu, na maneno hayo yalikuwa yakimkera mpaka analia. Mwaka huo yalimfaa. Alibinua midomo mbele ya kioo, na shangazi akatokea bila hata kubembelezwa.

"Utanikoma," alikiambia kioo, na jirani yake wa dawati akahamisha kiti.

Filamu ilikwenda hivi. Bibi Shingo anamshuku mwanamke mdogo, anamwaga mkoba wake, watu wanacheka. Halafu mkoba wa Bibi Shingo mwenyewe unachanika. Vinatoka vijiko vya watu, vitasa vya milango ya watu, paka wa jirani, ngazi, mwavuli, na mwisho kabisa ule mkufu. Watu wanamcheka mpaka shingo inanywea na kuingia mabegani kama ya kobe. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo Penseli aliyoipigania. Alichora, akafuta, akachora, na kila alipomaliza mchoro mmoja roho yake ilisuuzika kidogo.

Mwalimu akaja akasimama mbele ya ukuta wake. "Huyu Bibi Shingo yuko hai," akasema. "Nikikutana naye barabarani navuka upande wa pili. Lakini huyu mdogo, mbona karatasi yake ni nyeupe?"

"Yeye anaonewa tu, mwalimu."

Mwalimu akakohoa. "Kabla ya kuonewa alikuwa anafanya nini? Anataka nini? Huo mkate anampelekea nani?"

"Mtoto wake."

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimemtoa."

Na alimtoa kweli. Sekunde moja ya filamu inakula michoro kumi na miwili, na mtoto aliyening'inia kwenye sketi ya mama yake angetakiwa kuchorwa katika kila mmoja. Zingekuwa wiki na wiki za kazi, na wiki hizo Penseli alizitaka kwa ajili ya kuanguka kwa Bibi Shingo. Yule mwanamke mdogo alimfanya wa duara, shavu kubwa, macho makubwa yanayong'aa, ili watu wampende mara moja.

"Watamwonea huruma tu," akasema. "Mtazame macho, mwalimu."

Mwalimu alimtazama yule mwanamke macho kwa muda, akakohoa tena, akaenda kwa mwenye sungura.

Siku zilipokaribia, Penseli alifunga safari mwenyewe hadi kwa shangazi. Akakaa kwenye kochi lile lile. "Shangazi, filamu yangu haitanoga usipokuwepo," akasema, na hapo hakudanganya.

"Mimi nilijua tu!" shangazi akajigonga kifua. "Kipaji hicho ni cha kwetu, mwanangu. Upande wa mama yako, sitaki kusema, lakini unajua mwenyewe."

Penseli alicheka mpaka mashavu yakamuuma. Moyoni alikuwa anasema, njoo, njoo tu, na wote uwalete. Shangazi akawaleta wote. Siku ya maonyesho, mchana, ukoo ulijaza safu ya mbele, wamevaa wakavalika, na Penseli akajichagulia kiti cha pembeni kabisa, pale ambapo angeuona vizuri uso wa shangazi taa zikizimwa. Mama yake, Penseli alikuwa amemwambia tu, "Njoo, nina zawadi yako." Na mama alikuja na mkoba. Mkoba mpya, wa kahawia, ameupakata magotini kwa mikono miwili. Siku ya mwanawe hakutaka kuja kama mtu aliyetoka gengeni na funguo mkononi. Penseli alipouona ule mkoba alifurahi. Akajua leo hesabu zinafungwa.

Sungura akapita, jokofu likapita. Akaingia Bibi Shingo, mkoba mbele, na ukumbi ukacheka tangu hatua ya kwanza. Penseli akakaza macho kwa shangazi. Shangazi alikuwa anacheka na wengine.

Ukafika mkoba wa mwanamke mdogo. Zikaanguka pini. Kikaanguka kitana. Ukaanguka mkate. Mkate ule Penseli aliutengeneza kwa uchungu wake wote: muziki unakatika, mkate unabingirika peke yake mezani, unafika ukingoni, unasimama, na yule mwanamke anautazama kwa yale macho makubwa. Aliuacha usimame muda mrefu ili ukumbi mzima unyamaze na kuumia.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko! Watu walijipiga mapaja. Wangeumia na nini? Hakukuwa na mtoto wala njaa wala safari ya mbali. Kulikuwa na mwanamke wa duara aliyeficha mkate wa watu kwenye mkoba, amekamatwa, anakodoa macho. "Mwizi wa mkate!" mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti, na kicheko kikaanza upya. Vijiko na paka na ngazi vilipokuja kumwagika, watu walikuwa wameshachoka kucheka. Wakapiga makofi ya heshima.

Na shangazi? Shangazi aliinuka. Taa hazijawaka vizuri, yeye amesimama, amewageukia watu, anajigonga kifua. "Jamani, si mimi huyo? Tazameni shingo! Tazameni mikufu! Mwanangu, umenipatia kweli kweli!" Alijitambua kuanzia juu hadi chini, na hapakuwa na mahali palipomuuma. Mpaka watu wengine wakaomba kupiga naye picha. Penseli alitamani kumrukia pale pale.

Shangazi akamkumbatia, manukato yakamziba pua. "Ila mama yako ndiye umemweza zaidi," akamwambia sikioni, huku akifuta machozi ya kicheko. "Ule mkate! Wallahi nilikuwa nimeshausahau, umenikumbusha. Nimeurekodi, nimeshawatumia ndugu wote, hata wale wa mbali ambao siku ile hawakuwepo."

Penseli akageuka kutafuta kiti cha mama. Kilikuwa kitupu.

Alimkuta nje, kwenye ngazi za ukumbi, amekaa upande wa kivuli, mkoba wa kahawia kaubana kifuani. Ndani ya mkoba simu ilikuwa inalia, inanyamaza, inalia. Mama hakuufungua mkoba.

"Mama, nilitaka kumkomesha."

"Najua."

"Nilitaka wamcheke yeye. Yeye, mama, sio wewe! Miaka yote hii nimekaa na hasira hii kwa ajili yako!"

Mama alimsogezea nafasi akae. Akamtoa ile penseli kwenye nywele, akampa mkononi, kama alivyozoea kufanya kila jioni nyumbani.

"Siku ile waliponicheka, niliinama nikaokota," akasema. "Wao wanacheka, mimi naokota. Nilipofunga zipu, nikajua imekwisha. Hivi vya leo, mwanangu, nitaviokotaje?"

Simu ikalia tena ndani ya mkoba.