Gemu Kwenye Duka la Kinyozi

Zamani mtu aliingia kwa kinyozi akatoka na habari za mtaa mzima. Siku hizi anatoka na kichwa cheupe na vidole gumba vinavyomuuma.

Aliyeleta balaa ni binti wa kinyozi mwenyewe, mnyoaji wa kiti cha pili. Alitundika runinga ukutani, akaweka benchi na pedi mbili za kuchezea gemu. Vijana wakajaa. Mzee alinuna, ila alijipa moyo kwamba rafiki zake wawili, Mwalimu mstaafu na Bucha muuza nyama, wasingemtupa. Kila Jumamosi walikuja kunyolewa na kubishana mpaka mate yawakauke. Bila wao asingekuwa na sababu ya kufungua mlango.

"Gemu zinaozesha ubongo," Mwalimu alisema, povu limemjaa kidevuni.

"Baba Mwalimu, umewahi kucheza?" binti akauliza. "Jaribu. Huenda hata huo mkono ukalegea."

Mkono wa kushoto wa Mwalimu ulikuwa umekakamaa tangu apate kiharusi. Akaipokea pedi kwa dharau. "Natafuta ushahidi tu."

Hapo kinyozi akafanya kosa ambalo hakuwahi kulifanya: alimnyoa mtu asiyetulia. Mwalimu alipofunga bao aliruka, wembe ukafyeka nusu ya masharubu.

"Tulia, mwenzangu! Nitakuchinja!"

"Ondoa na hiyo nusu nyingine. Bucha, shika pedi nikufundishe adabu!"

"Adabu? Uliwafundisha wanangu, wakaishia kuwa kama mimi!"

Tangu siku hiyo wakawa wanakuja hata katikati ya wiki, na si kwa ajili ya ndevu. Kinyozi akianzisha mazungumzo anaambiwa, "Ngoja, nina kona."

"Baba, tazama mkono wa Mwalimu ulivyofunguka," binti alimwambia.

Aliuona. Ndicho kilichomkereketa. Mkono umepona, maneno yamekufa, na hakuna daktari wa maneno.

Mara ya mwisho kuwaona, alikuwa ameshakunja nyembe zake kwenye taulo.

"Haya, jamani. Kiti namwachia binti. Mimi ndiyo basi."

"Sawa sawa," Mwalimu akaitikia bila kugeuka, kidole gumba cha kushoto kikicheza kama cha kijana.

Kinyozi akasimama mbele yao, akingoja.

"Pita basi, mzee mwenzetu," Bucha akasema. "Unatuziba."