Vazi la Ndani

Nashona mavazi ya warina asali. Kibanda changu kipo Mpanda mjini, nyuma ya stesheni ya treni, na kazi yangu inajulikana mpaka Inyonga: koti lililoungana na suruali, zipu mbili, kofia yenye wavu wa uso, glovu za turubai zinazofika kwenye viwiko. Zamani nilikuwa nawatania wateja kwamba nyuki akimpata mtu ndani ya vazi langu, basi huyo nyuki ni fundi kuliko mimi. Siku hizi sisemi tena.

Turubai lina vumbi lake. Ukilipitisha mkasi, nyuzi ndogondogo zinaruka na kuelea kibandani kutwa nzima. Kwa miaka mingi nilipiga chafya na kuendelea na kazi. Baadaye macho yakaanza kuwasha, kisha ngozi ya mikono, mwishowe kifua kikawa kinabana na kupiga mluzi. Hospitali, daktari akasema nina mzio. Akaniandikia pampu ya kuvuta kifua kikibana, na vidonge vidogo vyeupe vinavyoitwa ketotifen. Alivieleza kwa kirefu. Ni mtu mpole mwenye kurudia maneno, na mimi sipendi kurudiwa. Nilikuwa nimefunga kibanda na mteja ananisubiri. Kati ya yote aliyosema niliondoka na neno moja tu, kwamba dawa hii inazuia.

Sasa kuzuia si ndiyo kazi yangu? Nilijiona nimeelewa kuliko alivyoeleza. Hakuna mrina anayevaa koti la nyuki kwenda sokoni wala kanisani. Linavaliwa siku ya kurina, na kazi ikiisha linatundikwa. Nikavitumia vidonge vile hivyo hivyo. Siku ya kukata turubai nilimeza viwili kwa mpigo, siku nyingine sikugusa. Siku za kumeza nilisinzia juu ya cherehani, mara moja nikajishona kidole, nikajiambia hiyo ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Mdogo wangu alikuwa akikaa kwangu. Alikuwa mrina kama baba yetu, na alirithi mizinga ya baba iliyoko porini upande wa Ugalla. Tangu utoto ameumwa na nyuki bila kujali. Lakini msimu mmoja nyuki alimuuma shingoni, midomo ikavimba, mwili ukajaa vipele, akatapika na kuanguka. Kwenye kituo cha afya walimwambia mwili wake umebadilika, akae mbali na nyuki, maana akiumwa tena hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Ndipo akaja mjini. Alikuwa mtu wa kusema, akawa mtu wa kukaa. Wateja walipoleta makoti yao yazibwe matundu, aliyapokea yeye kwanza, akayanusa, ile harufu ya nta na moshi, kisha akanipa. Iliniuma sana kumwona vile. Nasema hivi kwa sababu ndiyo kweli, sitaki ichukuliwe kama utetezi.

Msimu uliofuata ulipofika, mwenzake wa porini alikuja kumwita, naye akashindwa kukataa. Nilipaswa kumzuia mlangoni. Badala yake nilimpa vazi jipya, lenye mshono maradufu kila mahali, halafu nikamvuta kando nikampa karatasi moja ya vidonge vyangu. Nayakumbuka maneno niliyosema, kwa sababu niliyapenda wakati nayasema.

"Hili ni vazi la ndani," nikamwambia. "Siku ya kurina meza viwili asubuhi. Ukiwa na la nje na la ndani, nyuki atapitia wapi?"

Alicheka. Miezi mingi ilikuwa imepita sijamsikia akicheka. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikiwa na furaha.

Siku mbili baadaye ilikuwa zamu yangu ya kurudi kliniki. Daktari aliniuliza vidonge navitumiaje, nikamweleza. Akatikisa kichwa na kuanza upya kwa upole wake ule ule. Ni kimoja asubuhi na kimoja jioni, kila siku, hata siku ambayo sina dalili yoyote, maana dawa hii inachukua wiki kadhaa mpaka ionyeshe kazi yake. Mwilini mna chembe zinazoshtuka zikikutana na vumbi, na zikishtuka zinamwaga vitu vinavyowasha na kubana. Dawa inazituliza taratibu zisishtuke ovyo. Nisiiache ghafla bila kumwona. Nisichanganye na pombe. Kifua kikibana nivute pampu, kidonge hakitanisaidia saa hiyo. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu hutafuta la kujisifia. Nikamwambia kwamba hata hivyo vidonge vimefaa, nimemgawia mdogo wangu, yule mrina aliyewahi kuanguka kwa kuumwa na nyuki.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Anapanda mti?" akauliza.

Nikasema ndiyo, mizinga yetu iko juu ya miti.

"Mama, dawa hii inaleta usingizi. Na hilo ni dogo. Sumu ya nyuki ikimwingia mtu kama huyo, kidonge hiki hakizuii chochote. Kinga yake ni kutoumwa kabisa, na akiumwa ni kuwahishwa achomwe sindano. Yuko wapi sasa?"

Nilipiga simu nikiwa bado nimekaa kwenye kiti chake. Haipatikani. Kule porini mtandao haufiki, nami nalijua hilo, lakini nilipiga mara sita. Ratiba yao naijua. Siku ya kwanza ni ya safari, ya pili ya kuweka kambi na kukagua mizinga, ya tatu wanarina, jua likianza kupoa. Hesabu ilinipeleka kwenye leo. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

Mwendesha bodaboda wa mtaani kwetu ni mtu mzima mwenye wajukuu, na mwendo wake huwa naudharau. Siku hiyo ndiye niliyemkuta. Nilimwambia kwamba mdogo wangu atakufa jioni tusipofika, akavaa kofia yake bila kuuliza zaidi.

Nimeogopa mara nyingi maishani, lakini si kama siku ile. Kila tulipokwama kwenye mchanga nilishuka nikasukuma. Mbung'o walituuma kupitia kitenge, na kila aliponiuma mmoja nilishtuka nikimwona nyuki kwenye shingo ya mdogo wangu. Nilikuwa natazama vivuli vya miti barabarani. Tulipoondoka vilikuwa vifupi. Nikaanza kuomba, na niliomba mambo ya ajabu. Niliomba mvua, wakati mbingu ilikuwa nyeupe kwa kiangazi. Nikaomba nyuki wawe wamehama, mizinga yote ya baba ikutwe mitupu. Baba alihangaikia mizinga ile maisha yake yote, nami nikawa naiombea ife. Nilimpiga mwendeshaji mgongoni aongeze mwendo, akaongeza, tukaanguka kwenye bonde la mto mkavu. Tuliinuka tukaendelea.

Tuliacha barabara tukafuata njia ya kambi. Vivuli vilikuwa virefu. Kambini hapakuwa na mtu. Palikuwa na sufuria, madumu ya asali, na juu ya gunia palikuwa na vazi nililoshona. Lilikuwa limekunjwa vizuri, wavu juu, glovu zimewekwa pembeni, safi, halina hata doa la nta. Nililishika. Nilielewa kabla ya kuuliza. Hakulivaa kwa kuwa alishavaa lile jingine, la ndani.

Tulifuata harufu ya moshi. Mwenzake alikuwa amepiga magoti chini ya mti, na mdogo wangu ameegemea shina, miguu imenyooka. Sikuutambua uso wake. Macho yalikuwa mistari miwili, midomo imefura, vipele vimepanda shingoni hadi masikioni. Kila pumzi ilitoka na mluzi. Mluzi ule nilikuwa naujua kwenye kifua changu mwenyewe, ila wake ulikuwa mwembamba na wa juu, wa mtu anayevuta hewa kwenye mrija.

Mwenzake alinieleza haraka. Mchana kutwa mdogo wangu alikuwa anapiga miayo. Alipanda mti kidogo, kichwa kikawa kizito, akashuka akanawe uso. Kwa hiyo usingizi ulimshusha kabla haujamwangusha, na hiyo ni bahati tu, sina la kushukuru zaidi ya bahati. Alipokuwa ananawa, nyuki wawili walimuuma, mmoja mkononi na mmoja jichoni. Mwenzake alitaka wakimbilie barabarani. Yeye akasema hapana, ana dawa. Akameza vilivyobaki, kimoja baada ya kingine, akakaa kusubiri vifanye kazi. Karatasi ilikuwa kwenye majani karibu na mguu wake, tupu.

Aliponisikia aligeuza uso.

"Dada," akasema, na ulimi haukutosha mdomoni, "si ulisema ni vazi?"

Hakuwa ananilaumu. Aliuliza kama mteja aliyerudisha koti lenye zipu mbovu, anayetaka tu kujua tatizo liko wapi. Ningependa angenitukana.

Tulipanda watatu kwenye pikipiki ile, mwendeshaji mbele, yeye katikati, mimi nyuma. Hakuweza kujishikilia, kichwa kilikuwa kinaanguka, nusu kwa sumu na nusu kwa vidonge vyangu. Mwenzake alichukua kamba ya kuning'inizia mizinga akatufunga mimi naye pamoja kiunoni na kifuani, kama mzigo mmoja. Sikio langu lilikuwa mgongoni mwake. Njia nzima nilisikiliza. Mluzi ulipokuwa mkali niliogopa anabanwa, ulipopungua niliogopa zaidi, maana sikujua kama njia inafunguka au ndiyo inafunga kabisa. Nilimwambia apige miayo, akohoe, anitukane, chochote. Mara mbili mluzi ulikatika, nikapiga kelele, mwendeshaji akasimama, nao ukarudi. Mara ya pili ulichelewa. Nilihesabu nikafika saba.

Kituo cha afya cha kijiji cha karibu kilikuwa bado kina mwanga wa jua madirishani tulipofika. Hawakutuuliza kitu. Walikata kamba kwa mkasi, wakamlaza, miguu ikainuliwa, wakamchoma sindano ya paja juu ya suruali hiyo hiyo. Baada ya muda mfupi wakamchoma nyingine. Nilisimama ukutani nikiwa bado na kipande cha kamba kiunoni. Nikaona kifua chake kinapanda mpaka juu, kwa mara ya kwanza tangu tumkute, na kushuka bila sauti. Nilikaa chini sakafuni. Nililia kwa sauti mbele za watu na sikuona haya.

Baadaye tabibu alikuja na kadi mpya. Alitaka kujua ameumwa na nini, mara ngapi, na ana historia gani. Nilijibu yote. Kisha akanyoosha ile karatasi tupu ya vidonge, mwenzake, aliyetufuata kwa baiskeli, alikuwa ameileta mfukoni.

"Na hii nani alimwandikia?"

Kulikuwa na majibu mengine. Ningeweza kusema duka la dawa. Ningeweza kusema sijui, mdogo wangu alikuwa amelala, mwenzake hakujua zilikotoka. Kalamu yake ilikuwa inasubiri. Nikasema, "Mimi. Zilikuwa zangu."

Hakunigombeza. Aliandika tu.

Mdogo wangu yupo mpaka leo. Mizinga ameiacha kwa mwenzake, anauza mbegu sokoni, na haji kibandani kwangu wakati wateja wameleta makoti ya zamani. Mimi nameza kimoja asubuhi na kimoja jioni, kila siku, liwe lipo turubai au halipo, na kifua kimetulia. Akinikuta nimeshika kidonge nakifunika kwa kiganja, naye anajifanya hajaona. Kadi ile anatembea nayo mfukoni, walimwambia asiiache, maana hospitali yoyote atakakofika, hiyo ndiyo itakayosomwa kwanza. Imeandikwa kwa wino wa bluu kwamba ana mzio mkali wa sumu ya nyuki. Mstari unaofuata unasema dawa aliyokuwa ameitumainia alipewa na dada yake.