Mwenye Boma Ndiye Hugawa

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo huikumbuka kila nikiona vijana wamevaa fulana za rangi moja. Jana, mwanangu, niliwaona wewe na wenzako pale sokoni Kalamba mkizijaribu hizo zenu za kijani, mkijigeuza mbele ya dirisha la duka utadhani mnaenda kuolewa. Nikauliza kuna nini, nikaambiwa Jumamosi mnateremka bondeni kusaidia wajane na wazee, mtawachimbia mitaro, mtawatekea maji, na bango limeshachapishwa. Nilifurahi, nisikufiche. Nilifurahi mpaka nikarudi nyumbani bila ile chumvi niliyokuwa nimeifuata. Lakini uliponiomba niwafungulie siku hiyo kwa maombi, nikasema moyoni, maombi nitaomba, ila kabla ya maombi kuna neno. Kaa hapo. Hapana, hicho kigoda ni kibovu, kaa kwenye debe.

Sisi hatukuwa na fulana. Tulikuwa vijana wa kanisa, wasichana kwa wavulana, tuna sauti nzuri na mikono yenye nguvu, na kiongozi wetu alikuwa Musyoka. Ndiyo, Musyoka huyo huyo unayemwita babu, anayekoroma huko ndani saa hii. Wakati huo alikuwa mwembamba, anapenda kupanga mambo, na akishapanga hapangui. Mchungaji alihubiri kwamba imani bila matendo imekufa, basi Musyoka akatoka kanisani na wazo moja kichwani, kwamba tutafute mtu wa kumtendea wema kabla mvua haijanyesha.

Mtu mwenyewe alipatikana upesi. Palikuwa na mjane akiitwa Mwaitu Syombua. Mwaitu kwetu ni mama, na kila mtu alimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko mkali, na mvua ya msimu uliopita ilikuwa imebeba udongo pamoja na mahindi ikavipeleka mtoni. Mume alikuwa ameshafariki, mabinti wameolewa mbali. Ilijulikana kwamba shamba lile likichukuliwa na maji mara nyingine, kaka yake wa Kwa Vonza atakuja kumhamisha akakae kwake. Kwa ndugu si kubaya, lakini hebu fikiri, mwanamke aliyeendesha boma lake miaka yote, aende akae pembeni ya jiko la mke wa mtu, angoje kuitwa kula. Mwenyewe alikuwa akisema hilo litamuua kabla ya njaa.

Dawa yake ilikuwa mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo ukichimbwa hutupwa upande wa juu, ukawa tuta la kuzuia maji. Kwa mtu mmoja ni kazi ya kukata tamaa. Kwa kundi la vijana ni kazi ya nyimbo tu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Musyoka akapanga. Akasema mama huyu hana kitu, tusimwongezee mzigo, kila kitu tutajibebea wenyewe. Tukaenda kwa Bi Zuhura, mwenye duka pale sokoni, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Hakuwa wa kanisa letu wala la mtu yeyote, swala zake tano hazikumpita, lakini aliposikia ni kwa ajili ya mjane alitujazia kiondo mikate, akaongeza sukari na majani ya chai, na habari ya bei hakutaka hata kuisikia. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tukafika kwa Mwaitu Syombua jua likiwa bado changa, tunaimba, majembe begani, na kiondo nimekibeba mimi. Akatoka mbio, akatupigia vigelegele, akamshika kila mmoja wetu mkono kwa mikono yake miwili.

Sasa sikiliza tulichofanya, maana kwa macho ya haraka huwezi kuona ubaya wake. Tulikwenda pembeni ya ua, tukapanga mafiga yetu, tukawasha moto wetu, tukachemsha chai yetu. Musyoka akakata mkate, akagawa, kila mtu akapata chake. Kisha akanipa kipande kimoja, akanituma nimpelekee Mwaitu na yeye ale.

Mwaitu Syombua alikitazama kile kipande mkononi mwangu. Hakukipokea. Alikwenda taratibu hadi pale tulipolaza majembe, akayakusanya yote pamoja, akatandika leso juu yake, akakaa.

"Nani amekufa hapa?" akauliza.

Mmoja akaacha kutafuna.

"Nauliza kwa sababu watu wakija na chakula chao na moto wao, huwa ni boma la matanga. Mimi bado napumua. Hakuna jembe litakalogusa shamba langu kabla hamjala kwangu."

Musyoka akajaribu kueleza, tena kwa adabu zote, kwamba hatukutaka kumsumbua. Mwaitu akamwambia anamshukuru, ila yeye amekaa vizuri pale alipo, majembe si mabaya kukalia ukiyazoea. Usicheke. Sisi hatukucheka. Hapa kwetu watu wakikusanyika kumlimia mwenzao tunaita mwethya, na sheria ya mwethya hakuna aliyeiandika lakini hata mbuzi wanaijua: anayelimiwa hupika. Asipopika, hao waliokuja si majirani tena, ni watu waliopita wakamwonea huruma. Sisi wenyewe tulizaliwa ndani ya sheria hiyo, lakini tulipoanza kuiita kazi yetu msaada, tukaisahau.

Musyoka akainua mikono. Tutakula, akasema. Hapo ndipo Mwaitu aliponyanyuka, akaniita mimi nimsaidie jikoni. Leso aliiacha pale pale juu ya majembe, na nakwambia hakuna mwanamume aliyethubutu kuisogeza.

Jikoni alipanda juu ya kigoda, akashusha kibuyu kilichoning'inia juu ya moshi, akakimimina kwenye beseni. Zikatoka kunde za madoadoa, zimejaa majivu. Akaniambia nilete maji. Mtungi nilikuwa nimeshaushika, lakini mikono ikagoma. Mtoto wa mkulima haambiwi jambo hili, mwanangu. Kunde za kula hukaa guniani. Kunde zilizolala kwenye majivu ni mbegu, zimewekwa hivyo ili dumuzi wasizitoboe. Nikaangaza macho kule jikoni kuona kama kuna kibuyu kingine. Kulikuwa na unga wa wimbi kidogo chunguni, na chumvi. Basi.

Nikapiga hesabu. Tungemchimbia mitaro mizuri, mvua ingekuja, maji yangetulia shambani kama tulivyotaka, na yeye hana hata punje ya kutupa ardhini. Tungemhamishia Kwa Vonza sisi wenyewe, tena tukiimba.

Nikasingizia kuni, nikatoka nje, nikamnong'oneza Musyoka. Yeye, kama kawaida yake, akapata mpango papo hapo. Akasema atakimbia sokoni kwa Bi Zuhura alete maharagwe, amwekee Mwaitu hapo mlangoni. Nikamwambia ukimletea chakula kingine mbele ya macho yake, safari hii ataacha majembe akukalie wewe. Nikarudi ndani sina mpango wowote, nina kuni tatu nne tu mkononi.

"Mwaitu," nikasema, "kunde hizi za madoadoa mama yangu amezitafuta sana. Zetu zimeliwa zote na dumuzi. Usizipike. Nigawie mbegu kidogo iwe ndiyo chakula changu, na wenzangu uwakorogee uji."

Alinitazama. Moshi unaniingia machoni, nami nashukuru kwa moshi, maana uso wangu haukuwa wa kuaminika. Kisha mama yule akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akafuta machozi kwa mgongo wa mkono wenye majivu, akabaki na mstari wa kijivu shavuni.

"Uongo huu umefundishwa na nani, binti Ndunge?" akasema. Halafu akaketi, akaniketisha, na sauti ikabadilika. "Mimi sikatai kusaidiwa. Nani hukataa mvua? Lakini ule mkate mngenikabidhi mimi. Mgeni huleta, mwenye boma ndiye hugawa. Mngekuwa mmekula kwangu, na kunde zangu zingebaki zimelala."

Ilikuwa hivyo tu. Nilikaa pale nikiona haya na nikitaka kucheka kwa pamoja. Hakujali mkate umetoka kwa nani. Alichotaka ni kwamba mkono unaougawa uwe wake, ndani ya boma lake, mbele ya macho ya watu. Jambo jepesi hivyo, na sisi tulikuwa karibu kumlia mbegu yake kwa kutolijua.

Mikate ya mchana ilikuwa bado kiondoni. Nikatoka, nikamweleza Musyoka, na hapa nimsifu, maana hakubishana. Alikibeba kiondo kwa mikono miwili, na sukari juu yake, akaenda hadi mlangoni pa jiko, akainama kidogo, akasema, "Mwaitu, tumekuja kukutembelea. Hii ni zawadi yako." Mwaitu akapokea, akashangaa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anaona mkate siku hiyo, akamshukuru Mungu kwa sauti. Akakata vipande juu ya sinia lake, akakoroga uji wa wimbi kwa sukari ya Bi Zuhura, akapita kwa kila mmoja akimwambia karibu, jisikie nyumbani. Kila mtu alipata nusu kikombe na kipande cha pili cha mkate. Musyoka alipewa wa mwisho, makusudi, na Mwaitu akamwambia asione vibaya, kiongozi mzuri hula nyuma ya watu wake.

Kisha akaenda akaikunja leso yake. Weee, tulichimba! Tulichimba na njaa imetoka na aibu imetoka. Yeye mwenyewe alikuwa akipita mtaroni na mtungi wa maji, anamtania huyu kwamba anachimba kama anayeogopa kumwamsha mtu, anamwambia yule akaolewe upesi na huo mgongo wake. Jua likizama mitaro ilikuwa imekatiza mteremko kutoka ua hadi ua.

Mvua ilipokuja, tulikwenda kutazama. Maji yalikuwa yamesimama ndani ya mitaro, yametulia, hayana pa kukimbilia, na udongo uko juu yake unakunywa. Mwaitu alipanda kunde zake. Kwa Vonza alikwenda, ndiyo, lakini alikwenda kutembea, baada ya mavuno, na kiondo kilichojaa, akampa mke wa kaka yake agawe. Akalala huko siku chache, akarudi kwenye jiko lake.

Bi Zuhura nilipomsimulia alicheka hadi buibui likamteleza. Akasema kwao pwani husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini nyinyi mlitaka mwenyeji apone bila kumwacha awe mwenyeji. Huyo naye alikuwa na maneno.

Ila bado sijamaliza. Juma lililofuata ile siku ya mitaro, kabla hata mvua haijaja, zamu ya mwethya ilikuwa kwetu. Alfajiri, kabla mama hajawasha moto, tukasikia hodi. Ni Mwaitu Syombua, jembe begani, na fundo la kitambaa mkononi. Mama akashangaa, maana hakuna aliyemwita mjane yule kuja kuchimba. Mwaitu akampa lile fundo, akasema kwa uso mkavu kabisa, "Nimewaletea mbegu ya kunde. Nasikia dumuzi wa hapa wana njaa sana."

Mama akasema sisi hatuna dumuzi. Kisha akanigeukia mimi. Mwanangu, niliikumbuka kazi ya kuteka maji ghafla sana.

Mama alipika muthokoi siku hiyo, mahindi yaliyokobolewa kwa maharagwe, na Mwaitu alikula akashiba, akachimba mpaka vijana wakaona haya. Hapo ndipo nilipomwona alivyo, hana deni kwa mtu na hakuna anayemwonea huruma. Kama tungemlazimisha kula kile kipande cha mkate pembeni ya ua wake mwenyewe, asingekuja kwetu na jembe. Nani huenda kwa jirani akiwa amejifunika uso?

Sasa Jumamosi hiyo yenu. Nendeni, tena nendeni na fulana zenu, kijani kinawapendeza. Lakini mkifika, bango liache nje kwanza. Piga hodi, ngoja ukaribishwe. Unga na sukari mlivyobeba, mkabidhi mwenye boma mkononi, aviingize mwenyewe ndani, na akitaka kuwapikia humo humo, kuleni. Akikupa maji tu, kunywa, hata kama huna kiu. Usimwambie asijisumbue. Mwache ajisumbue, mtu huishi kwa kusumbukia wageni wake. Picha mkitaka kupiga, mpigeni akiwa anawamiminia chai, msimpige akiwa amenyoosha mkono kupokea. Na kabla hamjaondoka, mwambieni siku ya kazi kwenu ni lini, naye aje. Hata akija na sauti ya kuwaimbia tu, amekuja. Heshima si utumwa, na msaada unaomwacha mtu mdogo kuliko ulivyomkuta, heri ungebaki nyumbani.

Lete kiganja. Hizi ni kunde za madoadoa, za mbegu ile ile. Sijawahi kuzikosa tangu siku ile, na majivu yake ni ya jikoni kwangu. Usizioshe. Mpelekee yule mama wa kwanza mtakayemchimbia, na ukimpa, mwombe naye akugawie chochote cha kwake ulete hapa.

Uji sasa uko tayari. Mwamshe babu yako, mimi nitagawa, na yeye anajua atapata wa mwisho. Tufumbe macho kwanza. Mungu akubariki, mwanangu, akupe mgongo usiochoka na mkono usiofunga. Na siku itakapokuwa zamu yako kusaidiwa, maana zamu hiyo haimruki mtu, akupe majirani watakaopiga hodi, na boma lako lisikose kitu cha kuwagawia.